Kikombe cha Dada

Nilikuwa mwoga, tena mwoga kupindukia. Vita vilikuwa kaskazini, na Kigali nzima iliogopa redio. Mimi niliogopa cherehani ya dada ikinyamaza. Tulishona nguo barazani kwetu Nyamirambo, na kila mguu wake ulipoacha pedali moyo ulinipasuka. Kifafa chake kilianza hivyo: anakodoa macho kimya, kisha anaanguka, anakakamaa, mwili unarukaruka, povu linamtoka.

Mtaani kila mtu alijua, au alidhani anajua, kwamba ukiguswa na lile povu nawe umekwisha. Dada alikuwa na sahani yake na kikombe chake cha bati chenye ua jekundu, vinakaa peke yake dirishani. Siku zote nilidhani mama ndiye aliyevitenga.

Muuguzi wa zahanati alimpa gardenali, dawa ya kifafa, kidonge kimoja kila jioni. "Usiache hata siku moja, hata ukijiona mzima," alimwambia. "Ukiacha ghafla, kifafa kitarudi kwa hasira." Sisi akatuambia akianguka tumlaze ubavu, tusimtie kitu mdomoni. Miezi minne dada hakuanguka. Wallahi, tulisahau.

Ikaja Ramadhani. Dada, kichwa kigumu, akaacha vidonge. "Nataka saumu safi," aliniambia. "Mwezi mmoja tu. Usimwambie mama." Kumbe angeweza kumeza akishafuturu! Hatukumuuliza mtu. Nami, mjinga, nikanyamaza.

Siku ya sita, alasiri, cherehani ilinyamaza. Dada alianguka karibu na pasi ya mkaa. Wateja wakakimbia. Fundi jirani alikuja na kijiko cha kumtia mdomoni, akasimama mbali. "Usimuguse! Ile mate iko na ugonjwa!"

Yarabi, niliogopa! Ningekimbia nami, ila mkono wake ulikuwa unapigapiga kuelekea kwenye ile pasi. Nikaisukuma pasi kando, nikamgeuza ubavu, nikamshika kichwa. Povu likanimwagikia mpaka kwenye kiwiko, la uvuguvugu. Nililia kwa sauti bila haya.

Alilala usingizi mzito. Alipopata fahamu, jua likielekea kuzama, aliutazama mkono wangu.

"Umenigusa?"

"Nimekugusa, dada."

Aliinuka akipepesuka, akachukua sabuni na maji, akanisugua mpaka ngozi ikawaka, huku analia. "Utaumwa, mjinga wewe! Unafikiri ile sahani niliitenga kwa nini? Niliitenga mwenyewe, kwa ajili yako!"

Kumbe aliogopa kuliko mimi, na miaka yote hiyo alikula peke yake.

Ilipoadhiniwa magharibi alimeza kidonge kwa maji, akarudisha kikombe dirishani. Nikakichukua. Maji yalikuwa yamebaki nusu. Meno yaligonga bati, lakini nikayanywa yote, nikaketi karibu naye kungoja nami nianguke.