Mdogo Wangu Aliitwa Hana

Harufu ya chai ya Kijapani, ile yenye punje za mchele uliokaangwa, hadi leo hunirudisha kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Golden Valley, ughaibuni tulikohamia, mwaka niliokuwa na miaka tisa. Mama alikuwa akifanya kazi pale, na Jumamosi moja alinichukua kwa kuwa Brooklyn Center, mji wa jirani tulikoishi, hakukuwa na mtu wa kubaki nami. Kipenzi chake alikuwa ajuza wa Kijapani, Bi Hana. Mama aliniamuru nimpe shikamoo. Bi Hana, asiyejua Kiswahili hata neno, aliinamisha kichwa kwa heshima ambayo shangazi zangu hawajawahi kunipa.

Alitumiminia chai, akatueleza kwamba kwao Hana maana yake ni ua. Jina lapendwa mno, alisema. Darasani kwao walikuwa wanne, mwalimu akiita wanasimama wote. Mama, mwenye mimba ya miezi sita, alishika tumbo.

“Na maua ya kwenu hukaa muda gani?”

“Wiki moja hivi. Watu huacha kazi kwenda kuyatazama.”

Jioni ile mama alitangaza kuwa mtoto ataitwa Hana. Bibi yangu wa Tanga aliposikia kwenye simu, alipiga yowe lililojaa sebule nzima. “Hana? Hana nini, mwanangu? Hana bahati? Jina huumba!” Baba akashauri walitafsiri tu. “Nimwite Ua?” mama akamuuliza, na hiyo ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka tukicheka sote pamoja.

Hana alizaliwa theluji ikiwa imefika madirishani, moyo wake una kasoro. Hospitalini nilimkuta ndani ya kisanduku cha kioo, mipira puani, vidole vyembamba kama njiti za kiberiti.

“Mwite mdogo wako,” mama alisema. “Mwite jina lake akusikie.”

Kwa akili yangu ya miaka tisa nilishaamua kwamba jina ndilo lililoutoboa ule moyo. “Hai, beibi,” nikasema. Mama akanisihi tena. Nikafumba mdomo.

Siku ya kumi na moja alifariki. Baba alimbeba mwenyewe hadi kaburini, akakataa kupokewa.

“Si niliwaambia?” bibi alilia kwenye simu.

“Ulituambia, mama,” mama akajibu, basi.

Nilikuwa mtu mzima mama aliponiambia kwamba daktari aliuona ugonjwa ule kwenye picha ya tumbo mimba ikiwa ya miezi mitano, na hapakuwa na dawa. Nilimuuliza kwa nini alimwacha bibi alilaumu jina miaka yote ile, mpaka akafa nalo moyoni.

“Angelaumu nini kingine?” alisema. “Mimi?”

Ndipo nilipoelewa alichokuwa akiniomba pale kwenye kioo. Alijua siku ni chache, na wa kumwita Hana walikuwa wawili tu, yeye na baba. Wa tatu ningekuwa mimi. Nilikuwa na sauti, nikanyamaza.