Maboga Niliyoyafunika

Boga la kwanza kuliwa nililikuta na tundu ubavuni, tundu la kupitisha ngumi, na mbegu zake changa zimemenywa pale pale kwenye udongo. Mwenye akili timamu angesema panya. Mimi nilisema jirani.

Sikudhani kwamba jirani alipiga magoti akaliguguna boga langu. Nilidhani ndiye aliyeleta balaa. Ametokea Lamadi, kwa watu wa ziwani, na hapa Bariadi anauza dagaa. Anawaanika uani kwake, hatua chache tu kutoka kwenye uzio wangu, na upepo ukigeuka nakula ugali wangu kwa harufu yao. Nikajiambia panya wanaitwa na dagaa, wakifika wanaona maboga. Halafu kulikuwa na ile habari ya kidole.

Mama yangu, kule Ipililo, alitukataza kabisa kulinyooshea kidole boga changa. Unakunja ngumi na kuelekeza kwa ngumi. Ukinyoosha kidole, linaoza au linadondoka. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, najua kwamba ua lisilotembelewa na nyuki halikuzi boga. Lakini mkono wangu hadi leo hujikunja wenyewe ukifika shambani. Jirani naye, wiki moja kabla ya lile tundu, alisimama uzioni, akaniita mama kwa lugha ya huku, akanyoosha kidole chote. "Mayu, maboga yako mazuri! Lile moja, lile la pili, na yale matatu kule kwenye mchongoma!" Nilitabasamu, na moyoni nikamchukia.

Mbegu zile zilikuwa za mama. Yalikuwa maboga ya ganda la kijivu, yenye nyama kavu, matamu bila kutiwa chochote, na sokoni sijawahi kuyaona. Mama alipofariki nilirithi kibuyu chake cha mbegu. Nikakiweka stoo, na panya wakakitoboa wakabakiza mbegu za kujaa kiganja. Nilizipanda zote. Yakaota mashina matatu, yakazaa maboga matano. Yakiliwa yote kabla ya kukomaa, hakuna mahali pengine pa kuzipata mbegu hizo.

Kwa hiyo nikayafunika. Nilikata nyasi, nikachukua na mabua ya mahindi ya mwaka jana, nikalizungushia kila boga hadi lisionekane, na juu yake nikaweka matawi ya miiba. Mume wangu alisimama akinitazama huku anapiga mswaki.

"Unayaficha panya wasiyaone, au watu?" aliuliza.

"Wote," nilimjibu. Nilisema uongo. Nilikuwa namficha jirani.

Siku chache baadaye boga la pili likaliwa, chini ya nyasi zile zile. Ndipo nilipoanza kumwangalia paka. Jirani alikuwa na paka wa manjano mwenye sikio moja lililochanika. Aliacha jua la kwao, aliacha dagaa wa kwao, akawa anashinda kwangu, amelala mbele ya rundo la nyasi bila kupepesa macho. Ukimfukuza, anazunguka choo na kurudi. Nikajiuliza ni paka gani huyu asiyetaka samaki. Huku kwetu watu wana maneno yao kuhusu paka wa mtu anayeshinda kwa mtu mwingine, na sitajifanya kwamba mimi mwalimu sikuyakumbuka.

Asubuhi moja nilikwenda uzioni. Jirani alikuwa anawapimia dagaa wanawake wawili.

"Jirani, mfunge paka wako," nilisema kwa sauti ya darasani. "Sijui anatafuta nini kwenye maboga yangu. Labda wewe uliyemtuma unajua."

Aliacha kupima. "Mayu, una maana gani?"

"Maana hiyo hiyo uliyoielewa."

Wale wanawake walitazamana. Neno kama lile, huku kwetu, linaweza kumfikisha mwanamke pabaya sana, na nilijua hivyo wakati linanitoka. Kesho yake nilimwona jirani akimpakia paka kwenye bodaboda, ndani ya kikapu kilichofungwa kwa kanga, apelekwe stendi aende Lamadi kwa dada yake. Hakunitazama. Nilirudi ndani nikanywa chai yangu kwa raha kabisa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi nikikumbuka.

Hazikupita siku tano, boga la tatu na la nne yakawa matundu matupu. Kwa hasira nilichukua reki nikayavuta majani yote. Chini yake kulikuwa na njia za panya zimenyooka vizuri, kutoka boga hadi boga, na katikati kiota cha pamba na vipande vya kanga yangu kuukuu. Panya wakubwa wakatimka kila upande. Nilitafuta hata kichwa kimoja cha dagaa, maana nilitaka sana kukiona. Hakikuwapo. Yalikuwapo maganda ya mbegu za mama tu. Niliwajengea panya nyumba, nikaizungushia miiba wasiguswe, kisha nikamfukuza aliyekuwa anawavizia mlangoni.

Lilibaki boga moja. Ganda lake lilishakuwa gumu, lakini kikonyo hakijakauka sawasawa. Lilihitaji wiki kadhaa zaidi ili mbegu ziive ndani yake, na nyumbani kwangu ndiko kibuyu kilikotobolewa. Mume wangu ndiye aliyesema, "Yule anahifadhi dagaa mwaka mzima na hawaliwi. Kamuulize anafanyaje." Nilijua anafanyaje. Niliwahi kuona stoo yake tulipokuwa bado tunaongea: mizigo inaning'inia kwenye kenchi za paa kwa waya, na kila waya umepitishwa katikati ya bati la duara ili panya akishuka ateleze.

Nikalikata boga pamoja na kikonyo chake, nikaenda nimelikumbatia.

"Mwangaluka, jirani," nilimsalimia.

"Mwangaluka. Paka nilishamwondoa. Leo umekuja na lipi?"

"Nimekuja kuomba radhi. Ni panya. Walikuwa chini ya nyasi nilizoweka mwenyewe."

"Nilijua ni panya," alisema. "Ungeniuliza ningekwambia. Ulinifanya mchawi mbele ya watu. Wale wanawake hawajarudi tena."

Nikamweleza habari ya mbegu za mama, na nikamwomba anitundikie boga. Alipitisha kiganja kwenye ganda lake.

"Likipata hata mkwaruzo, utasema ni mimi."

"Sitasema."

"Utasema," alijibu, akalipokea kwa mikono miwili.

Alilitia kwenye kipande cha wavu akalitundika katikati ya mizigo yake. Tangu hapo napita kila asubuhi. Siku za kwanza aliitikia salamu, kisha ndipo akanionyesha boga. Baadaye akawa anafungua mlango wa stoo kwanza, anasogea pembeni, na salamu anaiitikia nikishamaliza kutazama.

Nilijaribu kukaa siku mbili bila kwenda. Siku ya pili, kabla ya adhuhuri, nilikuwa nimesimama mlangoni kwake nikitafuta cha kusingizia.

Jana nilikwenda nimeapa kwamba sitainua macho kulitazama boga. Nilimsalimia, nikamuuliza habari za dada yake, nikasifia dagaa. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua mlango wa stoo.

"Tazama, mayu," alisema. "Tazama, uende."

Nikatazama.