Siku Baba Alipoitwa Sheki

Juzi fundi alitikisa ngazi kwenye jengo langu la tatu hapa Busia, nililolisimamisha kwa jasho langu na elimu ya darasa la pili tu, akaniambia, "Mzee, hii ni sheki." Neno hilo nililijua kabla hajazaliwa.

Baba alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha pamba kule Tororo. Mchana mmoja, nikiwa mtoto, nilimpelekea uji. Palinuka grisi na mbegu za pamba. Mkubwa wao, Mzungu, alimtazama baba akikaza nati, spana ikigongagonga chuma, akasema, "Veri sheki." Mimi sheki niliyemjua alikuwa yule mkubwa wa msikiti wa sokoni. Nikaona baba amepewa cheo, ingawa sisi ni watu wa kanisani, nikakimbia nyumbani.

"Mama, Mzungu amemfanya baba sheki."

Mama alicheka. "Sheki gani, hata kanzu hana?" Lakini alimchinja kuku wetu pekee.

Baba alipofika aliuliza, "Mgeni ni nani?"

"Ni wewe, Sheki wetu," mama akasema.

Aliniangalia mimi niliyeleta habari, akaelewa. Akaificha mikono chini ya mapaja. "Sheki kwa Kiingereza chao ni kutetemeka mikono, mama watoto. Wamenifukuza."

Mama akamwekea firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye nyumba peke yake. Baba aliisukuma kwangu kwa kiwiko.

"Kula wewe."

Nikaila yote, nikijiona mkubwa.