Niliomba ishara kuhusu mguu wa baba, nikapata kimya

Wakuu, salamu kutoka mtaa wa Umoja. Mimi humu huwa msomaji tu. Lakini hili limenikaa kifuani muda mrefu, nitalisema vile lilivyokuwa, bila kuongeza chumvi.

Baba yangu anaishi Kaloleni, nyumba ileile tuliyolelewa. Alikuwa dereva, akastaafu. Mama alishatutoka. Mimi ndiye kifungua mimba, na kwa sababu nilipewa jina la mama yake, baba huniita Mama mpaka leo.

Mwaka jana sukari ilimshika vibaya. Kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu kikakataa kupona. Tukasafisha, tukafunga, tukabadilisha dawa. Wapi. Kikazidi kupanda, akalazwa.

Daktari hakuzunguka. Mguu ukatwe chini ya goti, na haraka, kabla sumu haijasambaa mwilini.

Baba akasema, "Sikatwi. Mungu alinileta na miguu miwili, nitarudi kwake na miwili."

Wenzake wa fellowship ya kanisani wakasimama naye. Mama mmoja ninayemheshimu sana alinivuta kando pale wodini. "Binti yangu, ukimsukuma akatwe, utakuwa umeizima imani yake."

Maneno hayo yalinichoma, wakuu.

Sasa, mimi ni mtu wa kumuuliza Mungu kila kitu. Hata kuhamia Umoja niliomba kwanza. Kawaida roho hutulia, najua pa kwenda.

Safari hii nilifunga, nikaomba, kimya. Nikafungua Biblia macho yakiwa yamefumbwa ili nipewe neno. Kidole kikaangukia majina ya ukoo, fulani akamzaa fulani. Mnaweza kucheka. Mimi nililia.

Nikaomba ishara: baba akiamka na nafuu, tusikate. Akaamka na homa. Hata hapo sikujua kama nimejibiwa au sijasikizwa.

Nikaenda hospitali bila mpango wa kubishana.

"Baba, nimekwama. Nimeomba mpaka maneno yameisha. Tuombe pamoja."

Akaanza yeye. Aliomba kama kawaida yake, kwa sauti, kidonda kikauke, mguu upone. Halafu akanyamaza katikati. Nikadhani usingizi umemchukua.

"Mama," akasema, "unajua naogopa?"

"Unaogopa nini, Baba?"

"Kubebwa. Kupelekwa choo na mtoto niliyembeba mimi." Akafuta macho kwa shuka. "Watu wanasema nina imani. Hii si imani, ni uoga. Tangu nilazwe namwambia Mungu ninachotaka mimi. Sijamuuliza hata mara moja yeye anataka nini."

Nikamshika mkono, tukalia wote wawili, wagonjwa wengine wakigeuza nyuso ukutani kutupa nafasi.

Baadaye akasema, "Mwite daktari."

Wakati wa operesheni nilikaa kwenye benchi nje. Ile amani ninayoisikia kwenye shuhuda za watu sikuwa nayo.

Walimkata juu ya goti. Sumu ilikuwa imepanda. Pengine tungekubali mapema, goti lingebaki. Hilo bado linaniuma, na sitawadanganya kwamba nimelipata jibu lake.

Lakini baba yuko hai. Kuna siku anatupa magongo kwa hasira na hataki chakula. Kuna siku anapiga stori na majirani mlangoni mpaka chai inapoa. Yule mama wa fellowship alikuja kumwona, nikamkaribisha, tukaomba naye. Sina kinyongo. Naye alikuwa anampenda baba kwa namna yake.

Nilichojifunza ni hiki. Nilikuwa natafuta sauti kubwa kutoka juu, na daktari alikuwa ameshatuambia ukweli. Mlango ulifunguka nilipokubali mbele ya baba kwamba sijui. Hapo ndipo na yeye akaweza kusema lililomjaa moyoni. Kama Mungu aliongea siku hiyo, aliongea kwa mdomo wa mzee anayeogopa.

Jumapili iliyopita baba alirudi kanisani kwa mara ya kwanza. Mchungaji akamuuliza kama ana ushuhuda.

"Sina," baba akajibu, akiegemea magongo yake. "Nimekuja kuuliza."



Wakuu, nyinyi mkiomba mkakosa jibu, huwa mnaamuaje? Nitasoma kila mtakachoandika.