Makasha Manne ya Shimo la Tisa

Jina alilopewa na wazazi wake walilijua wachache; kambini wote walimwita Makasha. Kazi yake ilikuwa kupanga mawe. Mashine ya kuchoronga ilipotoboa mlima ilitoa mwamba wa mviringo, mnene kama mpini wa shoka. Yeye aliupokea kipande kwa kipande, akaulaza kwenye makasha ya mbao, akaandika kwa rangi namba ya kasha na kina cha shimo. Miaka kumi na moja hakukosea hata mara moja. Wenzake walimtania kwamba hata maharage huyapanga kwanza ndipo ale.

Mlima ule ulikuwa wa mawe ya volkano ya kale mno, na ndani yake walitafuta shaba na zinki. Shimo la tisa likatoa vyote viwili: jiwe la manjano linalong'aa, lenye shaba, na jiwe zito la hudhurungi, lenye zinki. Yalitoka zamu ya mwenzake. Asubuhi Makasha aliyakuta yamekwishapangwa, akayapakia garini, akapanda nayo kwenda bohari, ambako mjiolojia angeyasoma.

Dereva alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu wa mwendo mkali na maneno mengi. Kwenye kona ya mwisho gari liliyumba, makasha manne yakapinduka, mawe na vibao vya vipimo vikatapakaa barabarani.

"Nisitiri, shemeji," dereva alisema. "Nimeshaonywa mara mbili. Hii ya tatu nafukuzwa."

"Tuseme ukweli tu. Watachoronga upya kipande hiki."

"Na dada yangu utamtazama vipi? Wewe si ndiye bingwa? Yapange. Mawe ni mawe."

Makasha alipiga magoti, akayapanga kwa kukisia. Saa mbili baadaye yalionekana sawa, na hilo ndilo lililomponza.

Mjiolojia, mwanamke mpole asiyejua kupaza sauti, aliyasoma huku akimfundisha, kama desturi yake. "Kwenye mawe kama haya, Makasha, shaba hulala chini, zinki juu yake. Hapa ni kinyume. Basi tabaka limepinduka. Badala ya magharibi, tutalifuata mashariki."

Makasha, brashi ya rangi mkononi, alielewa palepale. Alichovya brashi, akaendelea kuandika namba.

Mashimo matano ya mashariki yalitoa jiwe la kijivu, tupu kama ufizi wa kibogoyo. Wenye kampuni walifunga kambi. Watu themanini wakarudi makwao, na mkewe Makasha, mpishi wa kambi, alikuwa mmoja wao. Mjiolojia aliandikiwa barua ya kuachishwa kazi kwa uzembe.

Miaka sita baadaye kampuni nyingine ilichoronga magharibi. Shimo la pili tu, shaba. Makasha alisikia habari hizo redioni akiwa mezani. Aliweka kijiko chini, akamweleza mkewe yote.

"Ulimsitiri kaka yangu," mkewe alisema, "ukatuanika sisi."

Kesho yake Makasha alipanda basi hadi mji alikosikia mjiolojia anafundisha hesabu shule ya msingi. Alimkuta chumba cha walimu akisahihisha madaftari, kichwa kimeingia mvi. Alikataa kiti, akasimulia wima.

"Yalikuwa makasha namba ngapi?" mwalimu aliuliza.

"Thelathini na nne mpaka thelathini na saba."

Mwalimu aliweka kalamu chini taratibu. "Niliona vipande havioani kwenye maungio. Nilitaka kuagiza shimo lirudiwe. Halafu nikajiambia, aah, Makasha hakosei."

"Nisamehe, mama."

"Umekuja nikutue mzigo. Wangu atanitua nani?"

Kengele ililia. Alikusanya madaftari, akaenda darasani. Makasha alimsubiri kwenye benchi la nje vipindi viwili, mpaka mlinzi akamwonea huruma: "Mzee, nenda tu. Mwalimu ametokea lango la nyuma."

Siku hizi shemeji anaendesha gari la kampuni mpya. Makasha naye aliomba kazi huko, na kwenye barua akaeleza bila kuficha kilichotokea shimo la tisa. Hawajamjibu. Mkewe anampikia, anamwandalia meza, na akizungumza naye ni habari za bati linalovuja au sabuni iliyokwisha.