Yule Fundi Hakuulizwa

Nakumbuka asubuhi ile Papa Mulunda, fundi wa kuziba sufuria, alipokuja kusimama mlangoni pa darasa langu hapa Kalemie, kitabu changu mkononi. Mwanangu, wewe unayeandika hadithi za upelelezi za watoto wanaoanza kusoma, kaa nikueleze, maana kazi hiyo niliifanya kabla yako.

Nilikuwa mwalimu kijana wa mwaka wa kwanza. Vitabu hatukuwa navyo, basi nikatunga kimoja, kurasa nane, nikakinakili kwa mkono na kukishona kwa uzi. Kengele ya shule imepotea. Msichana mmoja anamtafuta mwizi. Anaona nyayo, mguu mmoja umezama kuliko mwenzake. Mwishoni anamkuta mtu mwenye mfuko begani, a-na-che-che-me-a. Huyo njo mwizi, ndiye hasa. Watoto waliokuwa wakisinzia juu ya herufi wakajua kusoma kwa hamu ya kumfikia mwizi. Nilijiona. Sifa ni tamu, sikufichi.

Sikumfikiria Papa Mulunda nilipoandika, au labda nilimfikiria bila kujua. Mtaani kwetu mwenye kuchechemea na mfuko begani alikuwa mmoja tu. Watoto wakaanza kumfuata njiani wakimsomea silabi zile kwa sauti. Siku moja wakamwaga vyombo vyake vya kazi kwenye tope, wakitafuta kengele. Kisha mama zao, ambao kitabu hawakukiona, wakaacha kumpa sufuria.

Asubuhi ile hakunigombeza. Alisema yeye hakusoma, akaniomba nimsomee. Nikasoma kurasa zote nane mbele ya watoto. Nilipomaliza aliniuliza.

“Mwalimu, huyu muntu walimuuliza wapi?”

Nikapekua tena. “Hawakumuuliza, Papa.”

“Basi walijuaje?”

Wazee husema asiyekuwepo na lake halipo. Mimi nilimweka mtu ndani ya hadithi, na lake bado halikuwepo. Nikamwomba msamaha, nikamuuliza habari za mguu wake. Aliumia zamani, akipakia mizigo kwenye behewa kule Kabalo.

Nilivikusanya vile vitabu, nikaongeza kurasa mbili: msichana anamuuliza yule mtu, anajibiwa, na kengele inaonekana ndani ya kabati la mwalimu aliyeisahau. Jumamosi nikawapeleka watoto nyumbani kwa Papa Mulunda wakamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni vizuri. Lakini kazi yake alikuwa amekwisha kuihamishia ng'ambo ya mto Lukuga, na mtaani kwetu hakupita tena. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Basi nakuambia waziwazi, mwanangu. Mtoto anayeanza kusoma huamini kila neno, kwa kuwa amelipata kwa jasho. Usimfundishe kwamba kilema cha mtu, kabila lake au nguo yake iliyochakaa ni ushahidi. Mwonyeshe mtu alichotenda. Na kila unayemshuku, mpe ukurasa wake ajibu kabla mpelelezi wako hajanyosha kidole. Kitabu kikirefuka kwa sababu hiyo, kiache kirefuke.

Mungu ailinde kalamu yako, na watoto watakaokusoma wakue wakiwa watu wa kuuliza.