Nukta Tatu za Ghania

Ghania binti Turki alikuwa mtu wa Konde, na hesabu alizijua, tusimdhulumu. Baba yake, Mzee Turki, alipika halua. Ghania akaenda Dar es Salaam kusomea shahada ya udaktari wa hesabu. Kazi yake ilikuwa juu ya kioevu kizito chenye kuvutika, kama halua ya moto, kilichotiwa vichembe vya chuma visivyoonekana kwa macho. Kikipita penye sumaku, joto linasafirije, na vichembe vinakwenda wapi? Hapakorogwi kitu hapo. Kompyuta ndiyo inayokokotoa.

Basi kompyuta ikamgomea. Kila akiongeza nguvu ya sumaku, namba zinaparaganyika. Wiki ya tatu, na siku ya kuwasilisha imekaribia, akachoka. Nukta tatu za mwisho za mchoro wake akaziweka kwa mkono wake, pale alipodhani zingeangukia. Mstari ukapinda vizuri, mashallah! Msimamizi wake akausifu.

Likizoni Ghania akamletea baba yake nakala ya mchoro ule. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, watu wa vyama viwili hawazikani, ila dukani kwa Mzee Turki walikaa benchi moja. Mzee akautia mchoro kwenye fremu, akautundika ukutani. "Huu wa mwanangu," akawaambia. "Mwauona unavyopanda?" Ghania akatamani ardhi ipasuke immeze.

Asubuhi ya pili halua ikashika chini. Kidogo tu, harufu ya kuungua huisikii mpaka uinamie sufuria.

"Hii itanunuliwa, baba," Ghania akasema. "Nani atajua?"

"Miye," akajibu mzee, akaenda kuimwaga shimoni yote, wateja wanatazama.

Uso wa Ghania ukawaka. Aibu ile, nakwambia, hakuijua tangu azaliwe. Akamvuta baba yake uani, akamwambia yote: nukta zipi, na mkono wa nani. Mzee hakumkaripia; afadhali angemkaripia! Alinawa mikono, akarudi dukani, akauteremsha mchoro mbele ya watu.

Ghania alimwandikia msimamizi siku ile ile. Shahada ikasogezwa mbele mwaka mzima.

Mzee hakuung'oa msumari ulioshika fremu. Mteja akiuliza pale palikuwa na nini, Ghania, aliyejiinamia nyuma ya duka na kompyuta yake magotini, humsikia baba yake akijibu bila kushusha sauti:

"Mchoro wa mwanangu. Ulishika chini. Anaupika upya."